Redio ya CB Ndani ya Lori: Kuichagua, Kuifunga na Kuipima Antena

Redio ya CB ni redio ndogo ya kupokezana mazungumzo, inayofungwa ndani ya gari na kutumiwa bila kulipia dakika wala kununua bando. Dereva hubonyeza kitufe cha maikrofoni akasema, akikiachia, husikiliza. Yeyote mwenye redio iliyowekwa kwenye chaneli hiyohiyo, ndani ya kilomita chache, humsikia. Nchini Marekani, ambako redio hii ilizaliwa, imekuwa kifaa cha kazi cha madereva wa malori kwa zaidi ya miaka 50. Simu za mkononi na ramani za setilaiti zimeipunguzia watumiaji, lakini hazijaiondoa barabarani. Sababu ni nyepesi: dereva anayeona moshi ukitoka kwenye tairi la tela iliyo mbele yake hana namba ya simu ya mwenye lori hilo. Akiwa na CB, humwita hapo hapo.

Anayetaka kufunga redio hii kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni redio gani iliyo bora. Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. Sheria ya Marekani imeweka kikomo kimoja kwa redio zote: wati 4 katika mtindo wa AM, ambao ndio madereva wengi wanaoutumia. Redio ya bei nafuu na redio ya bei ghali, zote zikiwa halali, hutoa nguvu ileile. Kinachoifanya moja isikike mbali na nyingine ikwame kwenye kona ya kwanza ni antena: urefu wake, mahali iliposimamishwa, chuma kilicho chini yake, na waya unaoiunganisha na redio.

Historia ya CB inaeleza kwa nini mambo yako hivyo. Mwaka 1958 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitenga sehemu ya masafa ya megahezi 27 kwa ajili ya raia wa kawaida, ikiwa na chaneli 23. Mafundi, wakulima na wafanyabiashara wadogo ndio waliokuwa watumiaji wa mwanzo. Kisha ukaja mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973. Dizeli ikawa adimu na ghali, na mapema mwaka 1974 serikali ikashusha mwendo wa juu kabisa katika barabara kuu hadi maili 55 kwa saa, yaani takriban kilomita 88. Madereva waliolipwa kwa maili waliona riziki yao imeguswa. Kwa redio za CB waliambiana ni kituo gani bado kina mafuta, na polisi wamejificha wapi na vipima mwendo vyao. Desemba 1973, madereva walipofunga baadhi ya barabara kuu kwa kupinga hali hiyo, redio hizo ndizo zilizowakusanya. Wimbo wa C.W. McCall uitwao “Convoy”, uliotoka mwaka 1975, ukaeneza lugha ya madereva hadi majumbani, na mauzo ya redio yakapanda mno. Tarehe 1 Januari 1977 chaneli ziliongezwa zikawa 40, na mwaka 1983 sharti la leseni likaondolewa. Tangu hapo redio ya CB imekuwa ya kila mtu, na nguvu ndogo iliyowekewa kikomo ndiyo inayowezesha watu wengi kugawana chaneli chache.

Masafa ya megahezi 27 yana wimbi lenye urefu wa karibu mita 11. Urefu huo ndio chanzo cha kazi yote ya antena. Antena ya gari hufanya kazi vizuri zaidi inapokuwa robo ya wimbi, yaani karibu mita 2 na sentimita 75. Fimbo ya chuma ya urefu huo inaweza kufungwa kwenye pikapu, lakini si juu ya lori. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu gari lenye kimo cha futi 13 na inchi 6, sawa na mita 4.11, na tela nyingi zimeshafika karibu na kikomo hicho. Antena inayozidi kimo cha tela itagonga madaraja, matawi ya miti na mapaa ya vituo vya mafuta.

Watengenezaji hulitatua tatizo hili kwa koili. Waya mrefu huviringwa juu ya fimbo fupi, ili fimbo hiyo ifanye kazi kama iliyo ndefu, ingawa haiifikii kabisa kwa ubora. Mahali koili ilipo huleta tofauti. Koili ikiwa chini, karibu na kioo cha pembeni, sehemu kubwa ya nguvu hutoka pale chini na kuzuiwa na bodi la lori. Koili ikiwa katikati au juu, nguvu hutoka juu zaidi, mahali palipo wazi. Ndiyo maana malori hutumia zaidi aina mbili: antena za faibaglasi ambazo waya wake umeviringwa kwa wingi kwenye sehemu ya juu, na antena za chuma zenye koili katikati, zinazosimama juu ya shina fupi linaloiinua koili ipite paa la kabini.

Kwa lori la kawaida, antena ya futi 4, yaani mita 1 na sentimita 20, ndiyo inayochaguliwa na wengi. Ikifungwa kwenye mkono wa kioo, ncha yake hubaki chini ya kimo cha tela, na sehemu yake ya juu huwa imepita paa la kabini au imekaribia kulipita. Antena ya futi 2 hupendeza macho lakini hupoteza nguvu nyingi. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba antena inayofaa ni ile ndefu kuliko zote zinazoweza kupita salama, na angalau theluthi yake ya juu iwe imepanda kupita paa.

Baada ya hapo huja swali la antena moja au mbili. Kuona malori yenye antena mbili, moja kila upande, kumewafanya wengi waamini kwamba mbili huongeza nguvu maradufu. Hazifanyi hivyo, wati 4 za redio hugawanywa kati yake. Faida yake iko kwingine. Antena moja iliyofungwa kwenye kioo cha kushoto huwa na tela kubwa ya bati ikiiziba upande wa kulia nyuma, na lori lililo upande huo halisikiki vizuri. Antena mbili huona pande zote mbili za tela. Zaidi ya hayo, zinapopokea umeme kwa wakati mmoja, mawimbi yake huungana kwa nguvu kuelekea mbele na nyuma na kupungua kidogo kuelekea ubavuni. Barabara nayo iko mbele na nyuma. Nafasi nzuri kati ya antena mbili ni karibu robo ya wimbi, na upana wa kabini kutoka kioo hadi kioo, ambao ni karibu mita mbili na nusu, haupungui sana hapo. Kwenye gari dogo, antena mbili zilizokaribiana huishia kupingana, na moja iliyo katikati ya paa huzishinda. Hata kwenye lori, antena moja nzuri iliyofungwa kwa uangalifu hufanya kazi vizuri kuliko mbili zilizofungwa ovyo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ethi. Antena ya robo ya wimbi ni nusu ya antena tu. Nusu ya pili ni chuma cha gari chenyewe. Umeme unaopanda kwenye fimbo unahitaji uwanja wa chuma chini yake ili wimbi litoke vizuri. Malori ya zamani yalikuwa na kabini za chuma na mikono ya vioo iliyofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye bodi, hivyo ethi ilipatikana bila kutafutwa. Malori mengi ya leo yana boneti za faibaglasi, vifuniko vya plastiki, na vioo vilivyofungwa kwenye mlango ambao umetenganishwa na bodi kwa bawaba zenye grisi na mipira. Breketi ya antena ikifungwa hapo, inaweza kuonekana imeshika chuma, kumbe haikuunganishwa na kitu.

Dawa yake ni mkanda wa ethi. Huu ni waya bapa wa shaba uliosukwa, mpana na mfupi, unaofungwa kutoka kwenye breketi hadi kwenye chuma cha kabini au chesisi. Rangi hukwanguliwa mahali unapofungwa, kisha sehemu hiyo hupakwa grisi ya umeme ili isishike kutu. Mlango na kabini pia huunganishwa kwa mkanda kama huo karibu na bawaba. Kwa lori ambalo sehemu zake nyingi ni faibaglasi na haliwezi kupatiwa uwanja wa chuma, zipo antena maalumu zinazouzwa pamoja na kebo yake, zilizotengenezwa kufanya kazi bila ethi. Antena hizo na kebo zake hazichanganywi na za kawaida.

Kwenye breketi yenyewe, skrubu ya antena hupita ndani ya washa ya plastiki. Washa hiyo ndiyo inayotenganisha waya wa katikati, unaobeba mawimbi, na chuma cha breketi. Ikiwekwa kinyume au ikipasuka, antena nzima inakuwa imeguswa na ethi na redio haiwezi kutoa chochote.

Kebo inayounganisha redio na antena ni ya koaksia: waya wa katikati umezungukwa na plastiki, kisha na wavu wa shaba. Kwa antena moja, kebo inayotakiwa ni ya omu 50. Ile nyembamba iitwayo RG-58 inatosha kwa urefu wa ndani ya lori, na RG-8X, iliyo nene kidogo, hupoteza nguvu pungufu kuliko hiyo. Kwa antena mbili hutumiwa kebo pacha za omu 75, zilizounganishwa pamoja upande wa redio. Kila tawi huwa na urefu wa karibu mita 5 na nusu, na urefu huo ni wa hesabu: ni robo tatu ya wimbi linavyosafiri ndani ya kebo, na unazifanya antena mbili za omu 50 zionekane kwa redio kama moja ya omu 50. Anayekata tawi moja kwa sababu limezidi huiharibu hesabu hiyo. Kebo iliyozidi huachwa katika vitanzi vipana, si kuviringwa kwa kubanwa, na huwekwa mbali na waya za umeme wa gari. Inapopita mlangoni, ipitishwe upande wa bawaba ili isibanwe kila mlango unapofungwa, na iachwe ining'inie kidogo kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kuifuata hadi kwenye redio.

Antena ikishaamuliwa, uchaguzi wa redio unakuwa mwepesi. La kwanza ni nafasi. Malori mengi ya Marekani yana sehemu ya redio juu ya kioo cha mbele, yenye nafasi ya sanduku kubwa na spika inayomwelekea dereva. Kabini ndogo huhitaji redio fupi, na nyingine zina vidhibiti vyote ndani ya maikrofoni, huku sanduku likifichwa chini ya kiti. Spika ya redio nyingi huwa chini ya sanduku, kwa hiyo redio iliyokalia rafu husikika kwa kufifia. Spika ya nje huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

La pili ni vidhibiti. Kila redio ina kitufe cha sauti na cha skwelchi, kinachonyamazisha mngurumo wa hewani mpaka mtu aongee. Kinachofaa kuongezewa pesa ni kidhibiti cha unyeti wa kupokea, kinachopunguza sauti za mbali dereva anapotaka kumsikia wa karibu tu, pamoja na kizuia kelele za injini na vifaa vya umeme. Baadhi ya redio zina kipimo cha antena ndani yake na chaneli za hali ya hewa za serikali ya Marekani, zinazotoa tahadhari za vimbunga na theluji saa 24. Redio zenye mtindo wa SSB huruhusiwa kutoa hadi wati 12 na kufika mbali zaidi, lakini hueleweka tu kwa mwenye redio ya aina hiyo. Mwaka 2021 FCC iliruhusu pia mtindo wa FM, ambao sauti yake ni safi zaidi watu wakiwa karibu. Kwenye chaneli ya malori, AM bado ndiyo lugha ya wote.

Redio halali huwa imeidhinishwa na FCC. Vikuza nguvu vya kuongezea wati, na redio zilizofunguliwa na kubadilishwa ndani ili zipite kikomo, haviruhusiwi. Kwa faida ya dereva mwenyewe pia, nguvu nyingi kupitia antena mbovu huharibu redio, na kutoa sauti kubwa hakumsaidii kumsikia mwingine.

Umeme wa redio ya CB ni volti 12, na haitumii zaidi ya ampea chache. Malori ya Marekani hutumia volti 12, na mengi yana vishikio vyekundu na vyeusi vya redio kwenye dashibodi au juu ya kioo. Mahali visipokuwapo, waya hupelekwa moja kwa moja hadi kwenye betri, ukiwa na fyuzi karibu na betri. Kuchukua umeme kwenye waya wa taa au kiberiti cha gari hualika kelele. Malori yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, na mengi yanayosafiri Afrika Mashariki, hutumia volti 24. Kwa hayo hutakiwa kibadilishaji cha kushusha volti 24 hadi 12. Njia ya mkato ya kuchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili huifanya betri moja ichoke kabla ya nyingine na kuziua zote mapema.

Kabla redio haijawashwa, fundi hutumia maltimita. Kutoka kwenye ganda la konekta ya kebo hadi kwenye chesisi kipimo kinatakiwa kiwe karibu na sifuri; kikiwa kikubwa, ethi haijashika. Kutoka kwenye pini ya katikati hadi kwenye ganda hapatakiwi kuwa na njia ya umeme, isipokuwa kwa antena chache ambazo koili yake imeunganishwa na ethi kiwandani. Dakika tano za kazi hii hugundua makosa mengi ya ufungaji.

Kisha hupimwa uwiano wa mawimbi, unaojulikana kwa kifupi SWR. Kipimo hiki huonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinakataliwa na antena na kurudi kwenye redio. Ukiwa 1.5 kwa 1, kiasi cha asilimia 4 tu hurudi. Ukiwa 2 kwa 1, ni asilimia 11, na bado redio haidhuriki. Ukifika 3 kwa 1, robo nzima ya nguvu hurudi, na kuendelea kuongea kunaweza kuunguza transista ya kutolea nguvu. Kwa sababu hiyohiyo, redio haibonyezwi kamwe ikiwa haina antena.

Lori huegeshwa mahali pa wazi, mbali na majengo na malori mengine, milango ikiwa imefungwa. Mita ya SWR huunganishwa kati ya redio na kebo ya antena kwa kipande kifupi cha waya. Dereva huhakikisha kwanza kwamba chaneli haina mtu, kisha hupima chaneli ya 1, ya 20 na ya 40. Kwa kila moja, hubonyeza maikrofoni bila kusema, hurekebisha mshale hadi alama ya kuanzia, hugeuza swichi upande wa kusoma mawimbi yanayorudi, na kuandika namba.

Namba hizo husomwa kwa kulinganishwa. Chaneli ya 40 ikiwa na kipimo kikubwa kuliko ya 1, antena ni ndefu mno. Ya 1 ikizidi ya 40, antena ni fupi. Antena nyingi za faibaglasi zina skrubu nchani ya kuzungusha. Za chuma hushushwa au kupandishwa kwenye shina lake, na zikibidi kukatwa, hukatwa milimita chache kwa wakati mmoja na kupimwa upya. Antena mbili hurekebishwa kwa kiasi sawa, kila moja kwa zamu. Lengo ni chaneli ya 20 iwe na kipimo kidogo zaidi, na zile za pembeni zote mbili ziwe chini ya 2. Chaneli zote tatu zikizidi 3, kurekebisha urefu hakutasaidia. Kosa huwa ni la ethi, la washa ya breketi au la kebo.

Baada ya hapo hubaki kelele. Injini ya dizeli haina plagi za kurusha cheche, lakini altaneta, taa za LED, vibadilishaji umeme na chaja za simu hutoa mngurumo wao. Chanzo hutafutwa kwa njia moja rahisi: kebo ya antena huchomolewa injini ikiwa inaunguruma. Kelele ikitoweka, ilikuwa inaingia kupitia antena, na tiba yake ni ethi bora na kuzima vifaa kimoja baada ya kingine hadi mkosaji ajulikane. Kelele ikibaki, inapitia waya wa umeme, na hapo waya wa moja kwa moja kutoka betri, pamoja na kichujio, huitibu.

Redio ikishakaa sawa, matumizi yake yana mazoea yake. Chaneli ya 19 ndiyo ya barabarani katika sehemu kubwa ya Marekani, na ya 9 imetengwa kwa dharura na msaada kwa wasafiri. Mazungumzo hayatakiwi kuzidi dakika 5 mfululizo bila kuwapisha wengine. Sheria ya shirikisho iliyoanza Januari 2012 inawakataza madereva wa malori yanayovuka majimbo kushika simu wakiendesha, lakini haiihesabu redio ya CB kuwa simu. Umbali wa kawaida kati ya malori mawili ni kilomita chache, zaidi tambarare na pungufu milimani. Nyakati ambazo jua lina madoa mengi, anga la juu hurudisha mawimbi ya megahezi 27 ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbali, na chaneli hujaa sauti za majimbo ya mbali. Hiyo haimaanishi kwamba redio imeharibika. Skwelchi hupandishwa kidogo na unyeti hupunguzwa.

Antena hupigwa na upepo, mvua, theluji na chumvi ya barabarani, kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza hakidumu milele. Nati hulegea, mkanda wa ethi hushika kutu, na maji huingia kwenye kebo iliyo chini ya breketi ikiwa kiungo chake hakikuzibwa kwa utepe wa mpira. Mita ya SWR hutumiwa tena kila antena, kioo au breketi inapobadilishwa, na pia kila redio inapoanza kusikika hafifu. Namba zilizoandikwa siku ya kufunga ndizo zinazoonyesha kilichobadilika: zikiwa zilezile, tatizo liko kwenye redio au maikrofoni, zikiwa zimepanda, fundi huanzia kwenye breketi na kurudi nyuma kufuata kebo.